Sebule yenye watoto: zulia, sofa, rangi ya ukuta na kabati baada ya mwaka mzima wa matumizi

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni sana. Leo mtaona picha imekaa chini kuliko kawaida, na nimefanya makusudi. Kamera nimeiweka sakafuni, kimo cha mtoto anayetambaa. Ukiwa hapa huzioni picha za ukutani, wala ile mito midogo niliyoilinganisha rangi kwa siku mbili nzima. Unaona upindo wa zulia, kona ya meza, waya wa taa na uvungu wa sofa. Hii ndiyo sebule anayoishi mwanangu wa mwisho, ana mwaka mmoja na nusu sasa, na kila nilichonunua mwaka huu nimekipima kwanza kutoka hapa chini.

Wengi wetu tunapamba tukimfikiria mgeni. Mgeni anakaa saa mbili, anasifia, anaaga. Mtoto yumo humo tangu alfajiri hadi anapobebwa kwenda kulala, na anaijua sebule kwa magoti, kwa viganja na kwa mdomo. Nikasema safari hii naanzia kwake, mgeni atafuata. Vitu vyote nimenunua kwa fedha yangu. Majina ya watengenezaji sitayataja, maana nataka mjue aina ya kitu na namna ya kukikagua, popote mtakapokikuta.

Tuanze na zulia. La kwanza lilikuwa jeupe, manyoya yake marefu unazamisha vidole. Kwenye picha lilipendeza mno. Lilikaa miezi minne nikalitoa. Manyoya marefu yanameza kila kitu: makombo, shanga, vipande vya krayoni. Siku niliyokata shauri nilimkuta mtoto anatafuna kitu, nikaingiza kidole mdomoni nikatoa skrubu. Skrubu ndogo ya mwanasesere, ilikuwa imejificha humo, na asubuhi ile ile nilikuwa nimelipitisha mashine ya kufyonza vumbi zulia zima. Niliketi pale chini mikono inatetemeka.

Hili la sasa ni la polipropilini, yaani nyuzi za plastiki, manyoya mafupi. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Hayafiki hata sentimita moja, na kitu kikidondoka unakiona kimelala juu. Sasa namwaga juisi, kijiko kimoja. Angalieni tone lilivyosimama. Nyuzi za polipropilini hazinywi maji, kwa hiyo rangi ya juisi haipati pa kuingia. Nachukua kitambaa kikavu nakandamiza. Nakandamiza tu, sisugui, kwa sababu ukisugua unalisukuma doa liende hadi mgongoni mwa zulia. Kisha kitambaa chenye maji kidogo. Haya, tazameni pale palipokuwa na juisi.

Lakini lina kasoro zake na ni haki mzijue. Mafuta linayang'ang'ania, tofauti kabisa na maji, kwa hiyo chakula chenye mafuta kikimwagika shughulikieni papo hapo kwa sabuni ya vyombo. Joto haliliwezi, pasi ikigusa inayeyusha. Halafu mahali mguu wa meza ulipokaa manyoya yamelala, na hayajainuka tena. Hapa, mnaona shimo hili. Zulia la sufu lingeinuka. Sufu ina uhai, ukiikanyaga inarudi, haishiki moto upesi, na mafuta yake ya asili yanachelewesha maji kuzama. Mwenye uwezo wa kununua sufu anunue kwa moyo mmoja, ila asiiguse kwa dawa ya klorini, inaila. La mkonge nalo ni zuri kwa macho, ila magoti ya mtoto yanalilia, na maji yakidondoka yanaacha alama.

Liwe zulia gani, chini yake wekeni ule wavu wa mpira unaozuia kuteleza. Huu uliopo hapa niliuweka kwa ajili ya mama yangu. Mama mguu mmoja haunyanyuki vizuri, na upindo uliojikunja kidogo tu ungetosha kumwangusha. Tunaposema nyumba rafiki kwa familia tunawafikiria watoto peke yao, na huyu bibi yao anayetembea akishika ukuta tunamsahau.

Na hapo ndipo linapokuja suala la sofa. Mtindo wa siku hizi ni sofa za chini sana, pana, unazama. Kijana anazipenda. Mama alipoketi kwenye ile ya dukani ilibidi tumshike mikono miwili kumwinua, akacheka, lakini niliona alivyojisikia. Hii tuliyochukua, nimeipima kwa futi ya fundi, ina sentimita 46 kutoka sakafuni hadi juu ya mto, na mikono yake ni migumu, mtu anaiegemea akisimama. Nendeni na futi dukani. Wala msione haya.

Kitu cha pili kwenye sofa ni lebo. Naigeuza hii... hapa, chini ya mto, karibu na zipu. Sofa nyingi zina herufi inayosema zisafishwe kwa nini. W ni maji, S ni dawa maalumu zisizo na maji, WS zote mbili zinafaa, na X ina maana ufyonze vumbi tu, usiilowanishe kwa chochote. Sofa yangu ya zamani ilikuwa S. Muuzaji hakuniambia, na mimi sikujua kuna cha kutazama. Maziwa yalipomwagika nikafuta kwa maji ya sabuni, kitambaa kikabaki na duara la kahawia kama ramani, halikutoka mpaka tunaitoa. Kwa nyumba yenye mtoto, S na X sizipendekezi hata kama rangi yake imekuteka roho.

Hii ni W, na makava yanavuliwa yote. Nasisitiza yote, kwa sababu ziko sofa ambazo zipu ipo lakini kava halivuliki, zipu imewekwa ili fundi aingize sponji kiwandani basi. Vuta zipu, jaribu kulitoa palepale dukani. Haya nimeyafua mara sita. Rangi imepauka kidogo upande wa dirishani, mishono imeshika.

Ubora wa kitambaa chenyewe kuna namna ya kuujua. Kuna jaribio linaitwa Martindale: kitambaa kinafungwa kwenye mashine, kinasuguliwa maelfu ya mizunguko mpaka nyuzi zianze kukatika, na idadi inaandikwa. Mizunguko 15,000 hadi 25,000 ni ya matumizi ya kawaida ya nyumbani. Nyumba ambayo watoto wanarukaruka kochini, kama hii, tafuteni kuanzia 25,000 kwenda juu. Muuzaji akikwambia "hiki ni kigumu, hakichaniki," mwombe namba. Na mjue namba hiyo inapima msuguano tu. Haisemi lolote kuhusu madoa wala kucha za paka.

Sponji je? Bonyeza kwa ngumi, uachie. Ikirudi polepole na kuacha bonde, iache hapo hapo. Mkipewa kipimo cha uzito wa sponji, kuanzia kilo 30 kwa mita ya ujazo ndiyo inayohimili kukaliwa kila siku.

Ukuta sasa. Rangi isiyong'aa kabisa ni tulivu, inaficha mabonde ya plasta, naipenda sana. Ila ukiifuta mara kwa mara sehemu uliyofuta inaanza kung'aa peke yake, na hatimaye unabaki na mabaka. Nilichofanya, na ndicho ninachojivunia kuliko vyote humu ndani, ni kugawa ukuta. Kutoka sakafuni hadi sentimita 110 nimepaka rangi yenye mng'ao mdogo, ile inayofutika, ya kijani iliyokolea. Juu yake ni nyeupe ya maziwa isiyong'aa. Mpaka wake niliubandika utepe wa karatasi nikauvuta rangi ikiwa bado mbichi, ndiyo maana mstari umenyooka hivi. Viganja vyote, krayoni zote, kisogo cha mtu anayeegemea ukuta, vyote vinaangukia kwenye kijani. Na mgeni akiingia anadhani ni urembo tu. Ni urembo kweli, chumba kimepata kiuno.

Jambo moja la kuangalia kabla hamjakwangua rangi ya zamani. Nyumba kuukuu huenda ilipakwa rangi yenye madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na kwingine zilitumika muda mrefu zaidi. Vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na mtoto hulila kwa kulamba vidole. Kama hamna uhakika, msikwangue kavu na watoto wakiwa ndani. Itafutieni kwanza kipimo.

Taa nitazipitia haraka. Balbu za LED zimeandikwa Kelvin kwenye boksi, yaani kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni mwanga wa manjano, kubwa ni mweupe wa kibuluu. Sebuleni chukueni 2700 au 3000, mwanga wa jioni, mtoto anatulia. Zile za 6000 ziacheni stoo. Na ukiweka taa mbili tatu pembeni badala ya moja kali katikati, chumba kidogo kinaonekana kina kina.

Ila taa hizi za kupamba zinakuja na rimoti ndogo, na hapa niwe mkali kidogo. Ndani ya rimoti hiyo mna betri bapa, mviringo kama kifungo cha koti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaanza kuunguza nyama za ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Rimoti ambayo mlango wa betri haufungwi kwa skrubu haiingii kwangu. Mbili nilizokuta ndani ya boksi nimezitoa betri, taa naziwasha kwa swichi. Mkishuku mtoto kameza, msisubiri kuona dalili, mpelekeni hospitali dakika hiyo hiyo.

Meza ya katikati nimeiondoa. Mahali pake nimeweka pufu kubwa, kile kiti laini kisicho na mgongo, sinia la mbao juu yake wakija wageni. Zile kona za mpira za kubandika nilizijaribu kwenye meza ya kioo, mtoto alizibandua siku ya tatu na kuanza kuzitafuna. Sizipendekezi. Vikapu vya vitu vya kuchezea ndiyo, tena vilivyo wazi, visivyo na mfuniko, vikae chini anapofikia mwenyewe. Mwanangu mkubwa wa miaka sita anakusanya bila kuambiwa tangu tulipoacha lile sanduku lenye mfuniko mzito.

Dirishani nilikuwa na mapazia ya kukunja yenye kamba ya kitanzi. Hiyo kamba ni kitanzi cha shingo kwa mtoto, na ajali yake haina kelele, mzazi anaweza kuwa chumba hicho hicho. Nimebadilisha yote nikaweka yasiyo na kamba. Asiyeweza kubadilisha leo aifunge kamba juu kwenye ndoano ya ukutani, na asogeze kochi na kitanda cha mtoto mbali na dirisha.

Mwisho kabati hili la droo. Zuri, la mbao, droo zinateleza kama siagi. Ndilo lililonitia hofu kuliko vyote. Mtoto anavuta droo ya chini, anaikanyaga, anavuta ya pili apande, na uzito wote unakuja mbele. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliyaita yarudishwe makabati ya droo yapatayo milioni 29 Marekani peke yake, baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Sheria ya huko inayoitwa STURDY ilitiwa saini Desemba 2022, na tangu Septemba 2023 kabati jipya lazima lijaribiwe likiwa limejazwa, droo zikiwa wazi, likiwa juu ya zulia, likivutwa kana kwamba lina mtoto wa hadi kilo 27. Mtoto wenu mdogo huenda hajafika hata nusu ya uzito huo, na kabati lenu huenda halijawahi kujaribiwa na yeyote.

Dawa yake ni mkanda huu wa chuma na skrubu mbili. Tazameni nyuma: upande mmoja umeshika mgongo wa kabati kwenye fremu, si kwenye plaiwudi nyembamba, itang'oka. Upande wa pili umeingia ukutani na plagi yake, ile ya kushikia skrubu. Vitu vizito viko droo za chini, na juu ya kabati hakuna mwanasesere wa kumshawishi apande. Sasa nazivuta droo zote tatu. Naning'iniza mkono, naegemea kwa nguvu... mnaona, halijasogea.

La chumbani kwa watoto bado sijalifunga. Nazima kamera, drili ninayo hapa, nakwenda kulifunga sasa hivi kabla hawajarudi.