Kutazama ndege Kahuzi-Biega na gide kutoka Bukavu: uzoefu wangu

Msitu wa Kahuzi-Biega, parke (hifadhi ya taifa) iliyo karibu na Bukavu, mashariki ya Kongo, nimeupenda, gide (mwongozaji) nimempenda, programu niliyouziwa sikuipenda. Ajansi siitaji jina, maana hapa Bukavu si hiyo peke yake inayouza kitu hichohicho: "gorila na ndege" kwa pamoja. Kama unakwenda kwa ajili ya ndege, kataa hiyo ya pamoja. Gorila wa Tshivanga, kituo cha kuingilia parke, hufuatwa asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya ndege. Ukitoka kwa gorila ni mchana, ukungu umepanda au mvua iko mlangoni, na msitu umenyamaza. Unalipia siku nzima ya ndege, unapewa mabaki.

Tuanze na saa, kwa kuwa hapo ndipo pesa inapopotelea. Kutoka mjini hadi Tshivanga ni kilomita 30 na kitu: unafuata barabara ya Kavumu hadi Miti, halafu unakata kushoto na kuanza kupanda. Umbali si neno. Kinachokula muda ni bariere (vizuizi vya barabarani), matope wakati wa mvua, na makaratasi ya ofisini. Gari likitoka Bukavu saa kumi na mbili asubuhi, mguu wa kwanza unaingia msituni kwenye saa tatu hivi, wakati uimbaji mkubwa umeshakwisha. Kutoka usiku ili kuwahi sishauri, kwa usalama na kwa hali ya barabara. Dawa ni kulala karibu, upande wa Miti au Lwiro kwenye kituo cha utafiti, na kumaliza malipo ya parke jana yake. Kabla ya kutoa hata dola moja, muulize mwenye ajansi: kukipambazuka, nitakuwa nimesimama wapi? Akianza kuzunguka, nenda kwa mwingine.

Bei pia iombe ikiwa imechambuliwa: kiingilio cha ICCN (taasisi ya serikali inayosimamia parke), gide, pisteri (mfuata nyayo), gari na mafuta, chakula, wapagazi. Mimi nilipewa namba moja ya jumla, na wapagazi wa mlima Kahuzi wakatokea pembeni kama deni jipya. Noti za dola ziwe safi, zisizochanika; iliyotoboka hata kidogo itakurudia. Hali ya njia na usalama uliza ofisi ya parke yenyewe, karibu na siku ya kwenda, usitegemee maneno ya muuzaji. Parke hii iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997, na haikuwekwa humo kwa bahati mbaya. Kutembea na walinzi wenye silaha ni kawaida, usishtuke.

Siku ya barabara ndiyo iliyonilipa. RN3, ile inayokwenda Bunyakiri na Walikale, inakata parke katikati, na ukingo wake unashinda njia nyingi za ndani. Sababu ni mteremko: ukisimama upande wa juu, vilele vya miti ya bondeni viko sawa na macho yako, huhitaji kuvunja shingo. Mwanga nao unaingia. Gari litangulie kama nusu kilomita likasubiri, nanyi mfuate kwa miguu, polepole sana. Kabla pikipiki na malori hayajaanza kupita, kwale wa milimani, Pternistis nobilis, hutoka kula pembeni mwa njia. Lori la kwanza likishapita, umewakosa.

Shorobo wa Ruwenzori utamsikia kabla ya kumwona, sauti ya kukoroma inayojibizana toka mti hadi mti. Akiwa ametulia ni ndege wa kijani ndani ya majani ya kijani. Akiruka, mabawa yanawaka nyekundu. Rangi hiyo ni turasini, rangi yenye shaba ndani yake, na hakuna ndege wengine wenye nayo nje ya ukoo wa mashorobo. Kwa hiyo usipoteze muda kumtafuta ndani ya majani. Shusha darubini, tazama nafasi zilizo wazi kati ya miti, na umngoje avuke.

Kisha kuna makundi ya mchanganyiko. Kwa nusu saa msitu unaonekana hauna kitu, halafu mti mmoja unajaa ndege wa aina saba au nane wanaokula pamoja: kucha mwenye uso mwekundu (ndege mdogo, Phylloscopus laetus), apalisi, batisi wa Ruwenzori, chozi (ndege mdogo anayefyonza maua). Wengi huharibu hapa kwa kumkimbilia kila anayetikisika. Chagua tawi moja, liache kundi lipite mbele yako, mtazame mmoja hadi umtambue, ndipo uhamie kwa mwingine. Kundi likiondoka, tazama linaelekea wapi, ulitangulie. Gide wetu alilijua hilo vizuri na alikuwa anatushika bega tusisogee.

Kuhusu magide: wengi wa Tshivanga wamelelewa kwenye kazi ya gorila. Wanajua nyayo, wanajua mimea, ila si kila mmoja anajua sauti za ndege, na humu sauti ndiyo kazi yenyewe, sehemu kubwa ya utambuzi inafanywa na sikio. Omba kwa jina la kazi: "gide wa ndege". Mjaribu kabla. Mwambie akueleze kurumbiza wa Archer anaimbia wapi. Akijibu kuwa ni chini, kwenye mianzi na vichaka vizito, uko na mtu sahihi. Wetu alikuwa na sikio la ajabu, lakini alikuwa na ugonjwa wa simu: kila ndege anapigiwa sauti iliyorekodiwa ili asogee. Mara moja au mbili ni sawa. Ukiirudia, ndege mwenye eneo lake anadhani amevamiwa na mgeni, anaacha kula na kulisha, na baada ya siku kadhaa za wageni haji tena. Tulimwomba apunguze, akapunguza bila kununa.

Kwenye vinamasi vya juu, kama kile cha Musisi, kazi ni moja: kucha wa Grauer (Bradypterus graueri), mdogo, kahawia, anajificha ndani ya matete. Baki ukingoni. Anayeingia ndani anazama hadi magoti na hamwoni.

Jina hilo la Grauer utalikuta kila mahali. Rudolf Grauer alikuwa Mwaustria aliyekusanya wanyama milimani huku mwanzoni mwa karne ya 20. Gorila wetu wa mashariki amepewa jina lake, na pia domopana wa Grauer, ndege wa kijani mwenye koo la samawati, urefu wake kama sentimita 10 tu, aliyepatikana 1908. Anajulikana milimani mwa mashariki ya Kongo na Bwindi, Uganda, basi. Anakaa juu, ametulia kimya, wala hajitangazi. Ajansi inayokuhakikishia kwamba utamwona inakuuzia maneno. Sisi hatukumwona, na gide hakuwa ametuahidi. Hilo nimempa alama.

Kupanda Kahuzi ni jambo jingine. Kilele kiko mita 3,308, na Bukavu iko karibu mita 1,500. Kila mita 100 unazopanda joto hushuka kama nusu digrii na kidogo, kwa hiyo kule juu ni baridi ya digrii 10 hivi chini ya ile ya mjini, tena umelowa. Kupanda ni saa tatu hadi nne kwa mwendo wa kawaida; kwa mwendo wa ndege ongeza. Anza mapema, maana kwenye saa tano au sita ukungu hufunga na darubini inageuka mzigo. Msitu wa miti mikubwa unakwisha, mianzi inaanza kwenye mita 2,350 hivi, kisha unatokea kwenye vichaka vya erika vyenye ndevu za kuvumwani.

Huko juu ndiko kwa chozi wa Rockefeller, ambaye hapatikani kokote duniani ila milima hii ya mashariki ya Kongo. Shida ni kwamba anachanganywa na chozi wengine. Chozi mfalme (Cinnyris regius) dume ana njano pana ubavuni na wekundu unaoshuka katikati ya tumbo. Wa Rockefeller ana mkanda mpana mwekundu kifuani, tumbo limefifia, halafu wekundu unajitokeza tena chini ya mkia. Basi usiridhike na kifua, subiri akupe mgongo kisha ageuke na kuinua mkia kwenye ua. Kaa karibu na lobelia iliyochanua. Chozi hurudia ua lilelile, na wewe huna haja ya kuzunguka.

Vifaa: darubini, ile jumeli yetu, ya 8x42 (inakuza mara nane) inatosha kuliko 10x42 (mara kumi), kwa sababu uwanja wake ni mpana na mkono ukitetemeka kwa baridi picha haichezi sana. Usiiweke ndani ya koti. Ikiwa imepoa, jasho na joto la mwili vinaivika mvuke kila ukiirudisha ndani. Iache nje, ipoe, na vioo vifutwe kwa kitambaa cha pamba kikavu, si kwa shati lenye matope. Mabuti ya mpira yanashinda viatu vya safari ghali. Suruali ziingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na glavu nyepesi zinasaidia, kwa kuwa ukiteleza mkono unashika majani ya kuwasha kabla hujafikiri.

Kikundi kisizidi watu wanne. Njia ni ya mtu mmoja mmoja. Wa tano nyuma anaona tawi linatikisika tu, ndege ameshakwenda. Sisi tulikuwa zaidi, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa ajansi, kuliko hata mambo ya bei. Chakula walichofunga kilikuwa mikate na mayai ya kuchemsha, kinatosha kwa barabarani, kwa Kahuzi hakitoshi: beba karanga na chupa ya chai ya moto.

Juni hadi Agosti ni kukavu na njia ni rahisi, lakini ndege huimba zaidi mvua zinaporudi Septemba. Mimi ningechagua Septemba na matope yake. Na pisteri mpe zawadi yake mkononi, siku hiyohiyo, usiiache ofisini.