Puti fupi au puti ndefu: saa yako moja uitumie wapi?

Mchezaji gofu wa ridhaa wa Tanga akishatoka kazini, ana kama saa moja tu kabla giza halijaingia. Apige puti (mapigo ya kuviringisha mpira kuelekea shimoni) za mita moja au za mita kumi?

Fupi ina raha yake: mpira unatumbukia, unausikia ukigonga chini, moyo unatulia. Shimo lina upana wa milimita 108, na kwa umbali huo kinachoamua ni uso wa fimbo. Ukipinda kidogo tu unapogusa mpira, umekosa. Chomeka tii mbili (vijiti vya kuwekea mpira), fimbo ipite katikati bila kuzigusa. Basi.

Ndefu haina wa kuipigia makofi, lakini ndiyo inayokula alama. Hata wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wanaolipwa ya Marekani, huingiza takriban nusu tu ya puti za mita mbili na nusu, sasa wewe wa mita kumi unaling'ang'ania shimo la nini? Lenga duara la mita moja kulizunguka. Kinachotuangusha wengi ni nguvu kuliko mwelekeo: mpira unaishia njiani au unapitiliza, na kadi inaandikwa puti tatu. Jaribu kupiga huku macho yako yakiwa shimoni, mkono uzoee umbali. Asubuhi nyasi zikiwa na umande mpira huwa mzito kukimbia. Jua la pwani likishazikausha, nguvu ileile inakuvusha.

Mimi ningezipa ndefu dakika 40, fupi zichukue zilizobaki. Ila kama hata za mita moja zinakushinda, geuza hesabu hiyo.