Ofisi ya msaada wa kisheria Igoma: benchi gumu, huduma safi

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya benchi, nitafika huko.

Mimi ni mpishi. Mwezi wa nne karai la mafuta ya kukaangia sangara lilinipindukia jikoni, kwenye hoteli moja hapa mjini Mwanza, nikaungua mkono wa kushoto kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kidonda kilipopona ngozi ikakunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa, na kidole cha mwisho hakinyooki mpaka leo. Bosi akanipa laki na nusu kwenye bahasha. "Tuyamalize kindugu, mama. Kwanza uliteleza mwenyewe."

Nikakaa kimya miezi saba. Shemeji yangu yuko Texas, kila akipiga simu ananipandisha mori: dai maumivu, dai kovu, huku watu wanalipwa mamilioni! Mwishowe jirani yangu muuza dagaa akanishika mkono (ule mzima) akanipeleka Igoma. Jina la ofisi siliweki, wamesema foleni waliyonayo inawatosha.

Nikaamkia shikamoo, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi akaitikia, akaongeza "mwangaluka mayu", salamu yetu ya Kisukuma, nikajua nipo nyumbani. Hakuniuliza nataka shilingi ngapi. Aliuliza: "Uliungua tarehe ngapi?" Akahesabu miezi kwa vidole, polepole, akashusha pumzi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inampa mtu miezi 12 kupeleka madai. "Umelala sana, mwanangu, ila hujachelewa kuamka."

Kumbe kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule wanaouita WCF, umeanza kazi mwaka 2015. Wanaouchangia ni waajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Na lile la kuteleza? Mfuko hauulizi nani mzembe, labda uwe umefanya utovu mkubwa wa makusudi. Mimi nilikuwa nakaanga samaki wa wateja, makusudi gani hayo? Hapo nilitaka kulia. Miezi saba nimebeba lile neno la bosi kama deni.

Hesabu aliifanya nyuma ya ile bahasha ya laki na nusu, nilikuwa bado nayo kwenye pochi. Mshahara wangu 400,000. Kwa muda ambao daktari ameandika siwezi kazi, ni asilimia 70, yaani 280,000 kwa mwezi, na muda huo hauzidi miezi 24. Kidole ni habari nyingine, daktari atapima ulemavu na kuuandika kwa asilimia.

Nikamtajia mamilioni ya shemeji, akacheka. Marekani kila jimbo lina sheria yake, na hata hii yetu ni ya Tanzania Bara. Jioni nikambana shemeji mwenyewe, akakiri kwamba Texas mwajiri binafsi anaruhusiwa kutojiunga na bima ya fidia ya wafanyakazi, na kesi ya kuumia unapewa miaka miwili kuifungua. Tennessee, alikokuwa mwanzo, ni mwaka mmoja. Sasa alikuwa ananipigia kelele za nini?

Lawama zangu. Mlangoni wameandika saa mbili, wanafungua saa tatu na nusu. Benchi ni ubao mmoja usio na mgongo, na ukiwa na mkono unaowasha kwa joto, kile chumba bila feni ni adhabu. Fotokopi unatumwa ng'ambo ya barabara, kurasa zangu kumi na nne nilitembea nazo mara tatu. Ila hawakuniomba hata mia, na fomu alinijazia mstari kwa mstari, akinisomea kwa sauti kabla sijasaini.

Beba cheti cha hospitali, hati ya mshahara na picha za kidonda kama ulipiga. Mimi Jumatatu narudi na barua ya daktari. Na mto wa kukalia.