Photo Rag, Platine na turubai: picha ipi ichapwe wapi

Picha za watu nachapa kwenye karatasi ya Hahnemühle Photo Rag, ile ya gramu 308 kwa mita ya mraba, na sioni sababu ya kuihama. Ni pamba tupu, haing'ai, na kidole kikipita juu yake unahisi ulaini wa nyuzi. Uso wa mzee wenye mikunjo unatulia pale. Taa ya ukutani haikurudishii mwako machoni.

Ila weusi wake una kikomo. Wino wa mati, yaani mweusi wa karatasi zisizong'aa, unazama kwenye karatasi, kwa hiyo giza lililokuwa zito kwenye skrini linatoka limefifia kama makaa yaliyopoa. Picha ya usiku, au ya mtu mweusi aliyekaa kivulini, naipeleka kwenye Canson Platine. Nayo ni pamba, gramu 310, lakini ina mng'ao mdogo na inatumia wino mweusi wa picha, unaobaki karibu na uso wa karatasi. Hapo nywele zinaachana na giza lililo nyuma yake, na mstari wa shingo unaonekana hadi begani. Kwa ngozi zetu hilo si jambo dogo hata kidogo! Halafu Platine haina kemikali za kuongeza weupe, zile ambazo zikichoka kwa miaka huiacha karatasi ikielekea umanjano.

Angalia tu aina ya karatasi uliyochagua kwenye programu ya kuchapia, maana ndiyo inayoamua wino upi utumike. Wino wa mati ukimwagwa kwenye karatasi ya mng'ao haushiki, unafutika kwa kidole.

Turubai naikubali kwa picha kubwa ya kutazamwa kutoka mbali, basi. Mfumo wake wa nyuzi unameza kope na vinyweleo, na bila vanishi wino unachubuka kwenye mikunjo. Tena mbao ya fremu yenye unene wa sentimita 4 inakula sentimita 4 za picha kila upande, kabla hujahesabu sehemu ya kukunjia nyuma. Mkono uliokaa pembeni mwa picha utahamia ubavuni mwa fremu.

Karatasi za pamba zipanguse kwa brashi laini kabla ya kuchapa. Uzi uliolegea ukipakwa wino kisha ukadondoka, unaacha nukta nyeupe katikati ya anga. Picha ikishatoka, iache ipumue siku nzima ndipo uifunge nyuma ya kioo, la sivyo mvuke wa wino utatia ukungu kwa ndani.