Vizibo vya soda au kitabu cha mazoezi: kipi kinafaa kufundishia namba darasa la awali?

Kwa gharama, vizibo havina mpinzani. Mwenye duka anakupa bure, unaviosha kwa sabuni, unatupa vyenye kutu. Kitabu hununuliwa kila mwaka, na mtoto akishakijaza hakimfai mdogo wake.

Kwenye kujua namba ndipo penye uzito. Mtoto wa miaka 4 anaweza kuimba moja hadi kumi bila kukosea, lakini ukimwambia "nipe vitano" anakukabidhi vizibo vya kujaa kiganja. Akisogeza kizibo kimoja kimoja huku akihesabu, idadi inaanza kumwingia. Picha ya maembe kitabuni haisogei. Kitabu nacho kinashinda kwenye kushika penseli na kufuatisha umbo la 5, tena mzazi anaona maendeleo.

Usimamizi? Vizibo hupotea, na mtoto wa chini ya miaka 3 anaweza kukabwa navyo, kwa hiyo asipewe kabisa.

Mwalimu mwenye msaidizi na mkeka mpana aanze na vizibo. Aliye peke yake na watoto 60 atumie kitabu, ila vizibo vizunguke kwa vikundi vidogo, kwa zamu. Wanaoingia darasa la kwanza Januari wanahitaji vyote viwili.