Kliniki ya ngozi Kariakoo: daktari hugusa kwanza, dawa baadaye

Nilimpeleka mpwa wangu katika kliniki binafsi ya ngozi huku Kariakoo baada ya baka la mkononi kuendelea kutanuka licha ya krimu aliyouziwa duka la dawa, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wenye wasiwasi kama huo.

Kilichonivutia ni uchunguzi wenyewe. Daktari alimsogeza mtoto karibu na dirisha, akamvua shati ili aone mwili mzima, kisha akasokota ncha ya pamba na kumwambia, "Fumba macho, mwanangu, unionyeshe kwa kidole kila ninapokugusa." Mtoto alionyesha sawasawa, ndani ya baka na nje yake. Daktari alitueleza kuwa baka lililopauka au lenye rangi ya shaba, likiwa na ganzi, ni dalili kubwa ya ukoma, ugonjwa unaoweza kujificha mwilini kwa miaka 5 au zaidi, lakini unaotibika kabisa kwa dawa za bure za miezi 6 au 12 kulingana na aina yake. Aliuliza pia kama kuna mwingine nyumbani anayewashwa usiku, akakagua katikati ya vidole kutafuta upele, kwa kuwa upele hutibiwa nyumba nzima kwa wakati mmoja.

Hakuishia kwenye macho. Alikwangua magamba kwenye ukingo wa baka, yakapimwa kwa hadubini papo hapo, na fangasi wakaonekana: ilikuwa choa. Krimu ya dukani ilikuwa na betamethasoni, ambayo hutuliza muwasho na kufifisha ule mviringo unaoitambulisha choa, huku fangasi wakiendelea kusambaa. Naona ni hatari kubwa kwamba krimu za namna hii hununuliwa kirahisi kama sabuni, kwa sababu mgonjwa hudhani anapona wakati dalili zinafichwa tu.

Bei si ndogo, na foleni ni ndefu. Kasoro inayonisumbua zaidi ni pazia la chumba cha uchunguzi, ambalo halifungi vizuri. Kwa maradhi yenye unyanyapaa kama ukoma, faragha ni sehemu ya tiba na uongozi unapaswa kulirekebisha.

Ukienda, wahi asubuhi mwanga ukiwa mzuri, usipake chochote siku hiyo, na ubebe kila krimu uliyokwisha kutumia, hata kama kopo lake ni tupu.