Fundi wa Makoroboi kaniokolea betri

Laptopu yangu yenye mfumo endeshi wa Linux, ninayoandikia hesabu za dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ilidai betri ni sifuri hata ikitoka kwenye chaji. Fundi wa kwanza alitaka kuniuzia betri mpya. Kijana huyu wa Makoroboi aliipima kwa mita: “Dada, betri nzima. Draiva ya keneli na fimwea haziongei lugha moja.” Keneli ni kiini cha Linux, draiva ni kipande chake kinachosoma betri, na fimwea ni programu iliyokaa ndani ya mashine yenyewe. Lugha yenyewe ni ACPI, kanuni za jinsi mfumo endeshi na fimwea zinavyoelewana kuhusu umeme na vifaa, zilizotoka 1996, zinazosimamiwa na UEFI Forum, umoja wa kampuni za kompyuta, tangu 2013. Fimwea yangu ilijibu kwa mpangilio mpya, draiva ikasubiri wa zamani. Akasasisha keneli, basi. Elfu kumi na tano. Benchi lake halina kivuli, na maneno anayo mengi, lakini nitarudi.